Sura ya Tano: Mwaka wa Mto na Mwaka wa Mfadhili

Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo, imebanwa. Magharibi milima ya Mitumba inapanda ghafla, mashariki kuna Ziwa Tanganyika, na kwenye ukanda mwembamba uliobaki katikati wanaishi mamia ya maelfu ya watu. Mito ya Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge inateremka kutoka milimani, inaukata mji na kuingia ziwani. Haina safari ndefu ya kuipunguzia kasi. Mvua ikinyesha usiku huko juu, kabla ya mapambazuko mto umeshafika mjini pamoja na mawe yake.

Mvua za huku hushika kuanzia mwishoni mwa Septemba au Oktoba na huachia katikati ya Mei. Kwa hiyo mhandisi wa shirika lisilo la faida, anayejenga matangi, kulaza mabomba na kutengeneza madaraja madogo, ana Juni, Julai, Agosti na kipande cha Septemba. Hiyo ndiyo miezi yake ya udongo. Mtaro uliochimbwa Novemba hujaa tope kabla bomba halijalazwa. Lori la mchanga hukwama njiani kwenda kwenye tangi. Kazi nyingine zinaweza kuendelea mwaka mzima, kama kutengeneza pampu, kupima maji, kufundisha mafundi na kuchora ramani, lakini udongo una majira yake na haujali mkataba.

Mfadhili naye ana mwaka wake, na mara nyingi unaanza Januari. Malengo huandikwa Oktoba na Novemba, wakati mafundi wako kwenye matope na hawana nafasi ya kuulizwa. Januari mkataba husainiwa. Awamu ya kwanza ya fedha hufika miezi miwili au mitatu baadaye. Zabuni hutangazwa, hufunguliwa, hujadiliwa. Mabomba ya plastiki yakitoka ng'ambo hushukia Dar es Salaam, hupanda reli hadi Kigoma, huvuka ziwa hadi bandari ya Kalundu, au huja kwa barabara kupitia Bujumbura na mpaka wa Kavimvira. Kila kituo kina karatasi zake, na karatasi zina siku zake. Hesabu ikienda vizuri mzigo unafika Agosti. Isipokwenda vizuri unafika na mvua ya kwanza. Desemba ripoti inasema timu imetimiza chini ya nusu ya lengo, na mkuu wa ofisi anaandika aya ndefu kueleza sababu ambazo kila mkazi wa Uvira alikuwa anazijua tangu mwanzo.

Nimeona mtindo huu ukirudiwa mwaka baada ya mwaka na mashirika yenye watu hodari, na ninaamini chanzo chake si uvivu wala ukosefu wa fedha peke yake. Lengo limeandikwa kwa kalenda isiyo ya mahali. Timu ya ufundi ya Uvira inapaswa kuuhesabu mwaka wake kurudi nyuma kutoka Juni: ili mtaro uchimbwe Juni, mabomba yawe ghalani Mei, ili yawe ghalani Mei, oda itoke Desemba, ili oda itoke, michoro na vipimo viwe vimekamilika Oktoba. Maana yake ni kwamba mwaka wa kazi unaanza kiangazi kinapoisha. Mkataba ukisainiwa Januari bila michoro kuwa tayari, kiangazi kinachofuata kimeshapotea nusu, na ni bora kusema hivyo Januari kuliko kuomba radhi Desemba.

Katikati ya Aprili 2020, mvua kubwa ziliijaza Mulongwe na mito jirani hadi ikatoka kwenye njia zake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kuharibika, madaraja yakaenda. Maji yale yale yaliharibu mitambo ya REGIDESO, shirika la umma la maji, ambalo chanzo chake mjini Uvira ni mto huo huo wa Mulongwe. Watu wengi sana wakabaki bila bomba katika mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuaga. Na wakati huohuo dunia ilikuwa imefunga viwanja vyake vya ndege kwa sababu ya korona. Timu yoyote iliyokuwa na karatasi ya malengo ya 2020 mkononi asubuhi ile ilikuwa na hati ya mji ambao haupo tena.

Swali la sura hii linatoka hapo. Je, asubuhi kama ile malengo yanatupwa, au kuna sehemu yake inayobaki?

Jibu langu ni kwamba inategemea yaliandikwa juu ya kitu gani. Lengo lililosema "tutajenga vituo 30 vya maji kabla ya Desemba" limekufa na mto. Lengo lililosema "familia za mitaa hii zisikae hata siku moja bila maji salama" linakuwa na nguvu zaidi baada ya mafuriko kuliko kabla yake. Timu inaacha vituo 30, inakimbilia matangi ya plastiki ya dharura, magari ya maji na klorini, na bado iko kwenye kazi yake. Haijakiuka lengo la mwaka. Inalitimiza kwa njia nyingine.

Na kuna ushahidi wa Uvira wenyewe unaoonyesha kwa nini siku ya maji ndiyo kipimo kinachostahili. Mwaka 2015 Aurélie Jeandron na wenzake wa London School of Hygiene & Tropical Medicine, pamoja na washirika wao wa Kongo, walichapisha utafiti uliolinganisha vitu viwili: kiasi cha maji ambacho mtambo wa Uvira ulikitoa kila siku, na idadi ya wagonjwa waliolazwa kila siku wakishukiwa kuwa na kipindupindu, kuanzia 2009 hadi 2014. Walikuta kwamba siku moja ya bomba kukauka kabisa ilifuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote wa kipindi kile, asilimia 23.2, walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Tafakari takwimu hiyo kama mhandisi. Bomba lilikuwepo, kituo kilikuwepo, mita za bomba zilishahesabiwa katika ripoti ya mwaka fulani uliopita na mfadhili akafurahi. Kilichokosekana ni maji ndani yake siku ile. Umeme wa SNEL, shirika la umma la umeme, unaotegemea mitambo ya mto Ruzizi, ukikatika, pampu zinasimama. Mto ukija na tope zito, mtambo hauwezi kulisafisha kwa kasi ile na hauna budi kufungwa. Mama aliyefika kwenye robine (bomba) na bido (madumu) zake za njano anakuta kavu, na ziwa liko pale pale, hatua chache. Watoto hawawezi kukaa bila kunywa. Anachota ziwani.

Tufanye hesabu ndogo, maana ndiyo iliyonifanya niache kabisa kuhesabu vituo. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hutumia duniani kote, vinataka mtu apate walau lita 15 kwa siku, bomba moja lihudumie watu wasiozidi 250, na nyumba isiwe mbali zaidi ya mita 500 kutoka kwenye kituo. Bomba hilo linahesabiwa kutoa lita 7.5 kwa dakika. Watu 250 kwa lita 15 ni lita 3,750. Zigawe kwa 7.5, unapata dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20 za maji kutiririka bila kukatika, na hapo hatujahesabu muda wa kubadilisha bido na kugombania foleni. Kama umeme unakuja kwa saa nne, bomba lile lile linahudumia karibu nusu ya watu waliotajwa kwenye ripoti. Timu inaweza kuongeza vituo kumi vipya mwaka huo kwenye mtandao ule ule wenye saa nne na isiongeze lita hata moja: maji yale yale yanagawanywa kwa midomo mingi zaidi ya mabomba.

Kwa hiyo lengo la kwanza la mwaka liandikwe kwa saa na siku: saa ngapi za maji kwa siku katika mtaa upi, na siku ngapi kavu kwa mwezi. Lengo la pili liandikwe kwa ubora. Hili linapimika papo hapo, na yeyote anayeongoza timu ya maji akalitazame kwa macho yake badala ya kulisoma kwenye jedwali. Fundi anakinga maji ya robine kwenye kisanduku kidogo cha plastiki angavu, anadondosha kidonge cha DPD cha kupimia klorini, anafunika na kutikisa. Maji yanageuka waridi. Anakiinua kisanduku kwenye mwanga wa jua na kulinganisha rangi na vioo vya pembeni vyenye namba. Klorini iliyobaki ikiwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita, maji yale yana ulinzi hadi nyumbani. Yasipogeuka rangi kabisa, kinamama wanaosubiri foleni wanaona wenyewe, na hakuna ripoti itakayowaambia vinginevyo.

Mabomba, matangi, valvu na mita za mtaro hubaki kwenye karatasi, lakini kama njia. Na njia ndiyo inayoruhusiwa kupinda.

Kuweka malengo kwa mtindo wa matokeo si jambo geni. Peter Drucker aliandika mwaka 1954 kuhusu kuongoza kwa malengo. Andy Grove wa Intel akayafupisha katika miaka ya 1970 yawe lengo moja na matokeo machache yanayopimika, na John Doerr, aliyejifunza kwake, akaupeleka mtindo huo Google mwaka 1999. Upande wa misaada, mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilileta jedwali la mantiki, lile ambalo kila ofisi ya Bukavu na Uvira hulijua kwa jina la kadri lojiki, lenye safu za shughuli, mazao, madhumuni na dhana. Watu hulilaumu sana jedwali hili. Mimi naona lina safu moja ya thamani ambayo hujazwa kwa haraka na kusahaulika, nayo ni safu ya dhana: yale ambayo mpango unachukulia kuwa yatakuwa kweli. Barabara ya Kamanyola itapitika. Umeme hautapungua chini ya saa kadhaa. Fedha za awamu ya pili zitafika Aprili. Uzi wote wa kupinda kwa malengo umo humo. Dhana ikivunjika, njia inabadilika. Dhana ikiwa nzima, timu haina kisingizio.

Mtindo wa kampuni za teknolojia una kasoro moja ukihamishiwa huku: hugawanya mwaka katika robo nne zilizo sawa. Robo za Uvira haziko sawa. Ningependekeza vikao vinne vya kupitia malengo, kila kimoja kwenye tarehe ambayo mto unaitambua. Cha kwanza katikati ya Septemba, kabla ya mvua, timu iamue ni kazi gani ya udongo ifungwe na ipi isianzwe. Cha pili mwanzoni mwa Januari, mvua zikiwa zimeonyesha nguvu zake, na hapo oda za kiangazi zithibitishwe. Cha tatu mwisho wa Aprili, baada ya mwezi ambao historia yetu ya karibuni imetufundisha kuuogopa. Cha nne mwishoni mwa Juni, udongo ukiwa umekauka, na hiki kiwe kifupi kuliko vyote, maana watu wanatakiwa kuwa mtaroni.

Tuchukue timu ya mfano, wahandisi wawili na mafundi sita, inayofanya kazi kutoka Kavimvira hadi Makobola. Karatasi yao ya mwaka ina ukurasa mmoja. Juu kabisa kuna malengo matatu yasiyogusika bila idhini ya mkurugenzi na ya mfadhili: saa za maji, klorini bombani, na muda wa kurudisha maji baada ya hitilafu. Chini yake kuna njia, na kila njia imeandikwa kwa kiwango cha chini na cha juu, labda vituo 8 hadi 14, kilomita 2 hadi 4 za bomba. Kiwango cha chini ni ahadi. Kiwango cha juu ni matumaini ya mwaka mzuri. Pembeni ya kila njia kuna kengele: jambo ambalo likitokea, mkuu wa timu ana ruhusa ya kubadilisha njia ndani ya siku tatu bila kuandika barua Kinshasa wala Paris. Wagonjwa wa kipindupindu hospitalini wakivuka idadi iliyokubaliwa kwa wiki moja, kazi ya vituo vipya inasimama na mafundi wote wanahamia kwenye matengenezo na klorini. Barabara ikifungwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyopangwa kwenda kusini vinatumika kaskazini. Na sehemu ya bajeti, tuseme kumi katika mia, haijapewa kazi yoyote mpaka kikao cha Aprili kipite.

Hiyo kumi katika mia ndiyo mahali pa ugomvi. Wafadhili wengi huiona kama mpango ambao haujakamilika. Kwangu ni sehemu ya uaminifu: kila mtu anayeijua Uvira anajua kwamba kati ya Januari na Mei kitu kitavunjika, ila hajui ni kipi. Bajeti iliyojazwa hadi senti ya mwisho mwezi Novemba inadai kujua.

Karatasi ile iwe na safu nyingine ambayo sijaiona mara nyingi: nani mwingine anategemea jambo hili lifanyike hivi. Uvira ina mfano mzuri. Mradi mkubwa wa kuboresha maji ya mji, uliofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Fondation Veolia kwa kushirikiana na REGIDESO, uliambatana na utafiti wa kupima kama maji bora yanapunguza kipindupindu. Watafiti waliugawa mji katika maeneo 16, na zamu ya kila eneo kupata maji bora ilipangwa kwa kura. Kwa mtu wa takwimu, kura ndiyo inayoleta ukweli. Kwa mhandisi, maji yanafuata mteremko, shinikizo na valvu iliyo jirani, na eneo la mwisho wa bomba halifunguliwi kabla ya lililo juu yake. Mpango wa namna hiyo unahitaji watu wa pande zote mbili kukaa pamoja mapema na kuandika ni kipi kinaweza kusogezwa na kipi kikisogezwa kinaharibu kazi ya mwenzako. Mhandisi anayebadilisha zamu ya mtaa Jumatatu kwa sababu nzuri kabisa ya kiufundi anaweza kuwa ameharibu miaka ya vipimo vya mtu mwingine bila kujua. Kupinda bila kuuliza nani ameegemea ni hatari kama kutopinda.

Vivyo hivyo kwa wenzetu wa afya. Kati ya Julai na Oktoba 2020, baada ya mafuriko, Uvira ilipewa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Mtafiti Espoir Bwenge Malembaka na wenzake walifuatilia na kuonyesha kwamba hata dozi moja ilitoa kinga ya karibu nusu kwa miezi 12 hadi 17, kisha ikapungua polepole. Mhandisi akiisoma taarifa hiyo anaelewa nini? Kwamba chanjo imemnunulia muda. Kampeni ya chanjo ikifanyika, malengo ya maji yapitiwe upya mara moja, kazi ndefu zipangwe ndani ya kipindi cha kinga, kwa sababu kinga ile ina mwisho na bomba likikaa vizuri linadumu.

Sasa tuutazame mwaka 2025. Timu nyingi za mwambao huu ziliandika malengo yao mwishoni mwa 2024. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, na miradi mingi haikuamka tena. Katikati ya Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu, na Uvira ikageuka makao ya muda ya jimbo la Kivu Kusini huku maelfu kwa maelfu ya watu wakivuka Ruzizi kwenda Burundi. Desemba wakaingia Uvira yenyewe. Hakuna kikao cha kupitia malengo kinachoweza kutabiri mambo haya, na nisingependa msomaji adhani kwamba ukurasa mmoja wenye kengele unatosha mbele ya vita. Lakini tofauti ilionekana. Timu iliyokuwa imekubaliana mapema ni kazi gani ya mwisho kuachwa ilijua la kufanya fedha zilipokatika: iliacha ujenzi, ikabaki na klorini na mafuta ya jenereta. Timu iliyokuwa na orodha ndefu ya shughuli zenye uzito sawa ilipoteza wiki ikijadili, kwa sababu karatasi yake haikusema lipi ni kubwa kuliko lipi.

Kuna pia mambo yasiyopinda kamwe, na yaandikwe kwenye ukurasa ule ule ili pasiwe na mtu wa kuyabadilisha kwa jina la dharura. Mshahara wa kibarua wa mtaroni. Usalama wake, mtaro wenye kina ukiwekewa mbao za kuzuia udongo hata kama mvua inakuja kesho. Ubora wa maji. Na ukweli wa takwimu: lengo likishushwa, ripoti iseme lilishushwa lini, na nani, kwa sababu gani. Nimesikia neno "kubadilika" likitumiwa kuficha uzembe, lengo likisogezwa kila mwezi hadi likutane na kile kilichofanyika. Hapo hakuna lengo tena. Ndiyo maana naona mabadiliko yaruhusiwe kwenye vikao vinne tu au kengele ikilia, na kila badiliko liandikwe kwa wino chini ya lile la zamani, bila kulifuta.

Ziwa lenyewe linatukumbusha kwamba mwaka mmoja ni kipimo kifupi. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga kule Kalemie. Katika karne ya 19 mlango ule uliziba, ziwa likapanda, mpaka mwaka 1878 maji yalipoukata tena na ziwa kushuka kwa mita kadhaa. Mvua za mwanzo wa miaka ya 1960 zililipandisha hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari mwaka 1964. Mwaka 2024 likakaribia tena kiwango kile. Bandari ya Kalundu ikaingia maji, nyumba za ufukweni zikahamwa, barabara ya kuelekea kusini ikamezwa mahali pengi. Vituo vya maji na vyoo vilivyojengwa chini ya mstari ule, miaka ambayo ziwa lilikuwa limelala mbali, vilizama. Vilikuwa vimetimiza malengo ya mwaka wao, kwa wakati na ndani ya bajeti. Wazee wa ufukweni walioishi 1964 walijua maji yalifika wapi. Baada ya kikao cha Septemba, kabla ya michoro kukamilika, mhandisi aende na kipimo chake, asalimie, akae, na aulize: "Mzee, maji yalifika wapi wakati ule?" Aweke alama kwenye mti au kwenye ukuta wa kanisa, na jengo lolote la shirika likae juu ya alama hiyo. Hiyo ni nusu siku ya kazi.

Watu wa mtaa ndio wanaobeba gharama ya kila badiliko, na ndio wanaoambiwa mwisho. Shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, anasikia kutoka kwa kibarua kwamba robine iliyoahidiwa imehamishiwa kartie nyingine, na kuanzia siku hiyo kila fundi wa shirika anayepita anaitwa mwongo. Ahadi kwa watu itolewe kwa kiwango cha chini, na dhana yake itajwe wazi: "Wababa na wamama, tunaahidi vituo vinane. Mabomba yakifika kabla ya Juni, tutajaribu kufika kumi na vinne. Yakichelewa, tutarudi hapa mwezi wa tano kuwaambia." Kisha warudi kweli mwezi wa tano, hata kama wana habari mbaya. Mimi naipa safari hiyo ya kurudi uzito sawa na kipimo chochote cha klorini, na iwekwe kwenye malengo ya mwaka ikiwa na jina la mtu anayewajibika nayo.

Nawaomba wakuu wa timu wanaokaa kuandika malengo ya mwaka ujao, Uvira, Baraka, Sange au popote kwenye mwambao huu, wafanye jambo moja la utaratibu. Rasimu ya ukurasa ule isomwe kwanza mtaani, kwa Kiswahili, mbele ya shefu wa avenyu, wauguzi wa kituo cha afya na mafundi wa REGIDESO, na marekebisho yao yaingizwe. Ndipo ipelekwe kwa mfadhili. Na wafadhili wanaoipokea Novemba wasaini kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu mabomba ya Juni huagizwa Desemba.